Taa za gari la zamani zikififia: fuata umeme unakoenda na unakorudi

Kabla hujatoa hata shilingi moja kununua balbu mpya, ngoja giza liingie, washa taa kubwa injini ikinguruma, fungua boneti, upitishe mkono nyuma ya kila taa. Gusa plagi ya balbu, gusa waya unaoingia, gusa waya unaotoka kwenda kufungwa kwenye bodi. Plagi itakuwa na joto kidogo kwa sababu imekaa karibu na balbu, hilo ni la kawaida. Lakini ikikuchoma vidole, au ukikuta kiungo cha waya kina moto ilhali waya wenyewe umepoa, umeshapata jibu ambalo balbu ya bei ghali haiwezi kukupa. Joto hilo ni mwanga uliopotelea njiani.

Hayo nilifunzwa na Peugeot 504 ya mwaka wa 1978 aliyoniachia baba. Usiku mmoja wa mvua ya Aprili tulikuwa tunatoka Ngong kwenda Lang'ata kwa Southern Bypass. Lori lilitupita, likatumwagia maji ya matope, na kuanzia hapo sikuuona tena mstari wa kando ya barabara. Mama Njeri akauliza, "Baba Njeri, hizi taa umewasha kweli?" Nilikuwa nimewasha. Nilisimama kando, nikashuka kutazama: zilikuwa na rangi ya samli. Tulifika nyumbani kwa kujifichia nyuma ya matatu iliyokuwa na taa nzuri.

Nikafanya kosa ambalo wengi wenye magari haya hulifanya. Nilinunua balbu. Zikafifia vilevile. Muuzaji mmoja mjini akanishauri nichukue za wati 100, nikazichukua, na wiki ya pili nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Plagi ya taa ya kushoto ilikuwa imeyeyuka ikashikana na balbu. Ndipo nikampelekea fundi wa waya, mzee mwenye kibanda kwenye kichochoro kimoja karibu na Kirinyaga Road. Hakugusa balbu. Aliwasha taa, akapima betri: volti 13.9. Akapima nyuma ya balbu: 10.4. Akanionyesha mita na kusema, "Kijana wangu, betri inapika, lakini chakula hakifiki mezani."

Tukaitafuta ile volti 3.5 kipande kwa kipande. Volti 1.6 zilikuwa zimekwama ndani ya swichi ya kwenye usukani. Nusu volti ilikuwa kwenye nyaya nyembamba na viungo vyake. Volti 1.4 zilikuwa upande wa kurudi, kwenye skrubu moja ya athi (pale umeme unaporudia kwenye bodi) iliyojificha nyuma ya grili. Balbu hazikuwa na hatia.

Kwa nini volti chache zinaiba mwanga mwingi

Balbu ya halojeni haififii sawasawa na volti inavyopungua. Inafifia kwa kasi zaidi. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Ukipoteza kama nilivyopoteza mimi, unaendesha na chini ya nusu ya mwanga uliolipia. Macho yanazoea polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo wengi wetu tunaamini kwamba taa za magari ya zamani ndivyo zilivyokuwa. Sivyo. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na mashindano yale yalikuwa yakikimbizwa mchana na usiku. Gari hili liliundwa lione gizani.

Njia ya umeme ni fupi ukiijua: betri, fyuzi (Land Rover na magari mengi ya zamani ya Uingereza hayana hata fyuzi kwenye taa kubwa), swichi ya taa, swichi ya kubadilisha fuli (mwanga wa mbali) na dimu (mwanga wa karibu), waya hadi kwenye balbu, kisha kutoka kwenye balbu kupitia waya wa athi hadi kwenye bodi, na bodi hadi kwenye kichwa hasi cha betri. Watu huchunguza nusu ya kwanza ya safari na kuisahau ya pili. Umeme usiporudi, ni kana kwamba haukwenda.

Vifaa na kosa moja la kupima

Unahitaji mita ya kawaida ya dijiti, testa ya balbu (ile yenye ncha ya sindano na klipu ya mamba), msasa laini, brashi ya waya, bisibisi, spana namba 10, na mafuta mazito au grisi nyepesi ya kupaka kwenye viungo. Mita na testa utazipata Luthuli Avenue au Kirinyaga Road bila kuzunguka sana.

Kosa lenyewe ni hili. Mtu anachomoa plagi ya balbu, anapima ndani ya plagi, anapata 12.6, anasema waya ni mzima. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na unyuzi mmoja utasoma volti kamili. Ni kama mfereji wa nyumba ya kupanga: ukiwa umefungwa presha iko, ukifungua yanatoka matone. Pima taa ikiwa imewaka na balbu ikiwa imechomekwa. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi, pale waya unapoingilia.

Zingatia pia aina ya gari. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ni za volti 6, kwa hiyo namba zangu zote za volti uzikate nusu. Land Rover na magari mengine ya Uingereza ya kipindi hicho huenda athi yake ni upande chanya wa betri. Tazama waya wa betri ulioshikwa kwenye bodi una alama gani kabla hujafunga chochote.

Taa zote mbili zinawaka lakini hafifu

Huu ndio ugonjwa mkubwa. Anza na betri. Injini imezimwa na taa zimezimwa, betri nzima iliyojaa husoma karibu 12.6. Washa injini, ipandishe kidogo, washa taa: unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa betri yenyewe inasoma 12.2 injini ikinguruma, tatizo liko kwenye chaji, ruka hadi sehemu ya "Mwanga unapanda na kushuka" huko chini.

Betri ikiwa sawa, pima vipande viwili. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na ya pili kwenye mguu wa balbu unaopokea umeme, taa zikiwa zimewaka. Mita itakuonyesha volti zilizopotea upande wa kwenda. Nusu volti ninaivumilia. Zaidi ya hapo, kuna mwizi. Kisha weka ncha moja kwenye mguu wa athi wa balbu na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Hapa sivumilii zaidi ya 0.2.

Ukishajua ni upande upi, gawa njia. Upande wa kwenda, pima kutoka betri hadi mahali umeme unapoingia kwenye swichi, kisha pale unapotokea. Tofauti kubwa kati ya sehemu hizo mbili maana yake shaba ya ndani ya swichi imechomeka. Swichi za magari haya zimepitisha umeme wote wa taa kwa miaka 40 au 50. Balbu mbili za wati 55 zinavuta karibu ampia 9, na kila unapowasha cheche ndogo huruka na kula shaba. Swichi ya gari langu nilipoifungua, sehemu za kugusana zilikuwa nyeusi kama chungu na zina mashimo. Nilizisugua kwa msasa laini, nikarudisha, na nikapata volti moja papo hapo.

Lakini kusugua ni kununua muda. Dawa yenyewe ni rilei.

Rilei: kuifungulia taa njia yake

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu sijaona kazi nyingine ya nusu siku inayobadilisha gari la zamani kiasi hiki.

Rilei ni swichi inayowashwa na swichi. Badala ya ampia 9 kusafiri kutoka betri hadi dashibodi, zipande kwenye usukani, zirudi hadi mbele, unazipitisha moja kwa moja kutoka betri hadi taa, njia ya hatua mbili. Swichi ya usukani inabaki na kazi ya kuiamsha rilei tu, na koili ya rilei (waya wa ndani unaoivuta ifunge njia) hula chini ya robo ampia. Swichi yako chakavu itaishi miaka mingine.

Chukua rilei mbili za miguu minne, moja ya dimu na moja ya fuli. Miguu imeandikwa namba. Namba 30 inapokea umeme kutoka betri. Namba 87 inapeleka kwenye taa. Namba 85 na 86 ni za koili: mmoja unafungwa kwenye athi, mwingine unapokea ule waya wa zamani uliokuwa ukienda kwenye balbu. Waya wa zamani wa dimu unaamsha rilei ya dimu, wa fuli unaamsha ya fuli. Waya wa kutoka betri uwe wa milimita za mraba 4, na wa kwenda kila taa uwe 2.5. Athi ya taa pia iwe 2.5, wala usiibane ukidhani haina maana. Weka fyuzi ya ampia 15 kwa kila rilei, na uiweke karibu kabisa na betri, isiwe huko mwisho wa waya. Nazitenganisha makusudi: dimu ikikata, fuli inabaki, na hutaachwa gizani kabisa ukiwa unateremka.

Mwenye Toyota ya zamani, mfano Land Cruiser FJ40, asinakili maelezo hayo kama yalivyo. Katika magari hayo umeme chanya hufika kwenye balbu moja kwa moja, na swichi hukata upande wa athi. Mguu mmoja wa koili unaupa umeme chanya na mwingine unaupeleka kwenye waya wa swichi. Ukifunga kwa mtindo wa Peugeot, rilei haitaamka na utalaumu rilei.

Nunua rilei nzito. Zipo za bei ya kutupa ambazo ndani yake shaba ni nyembamba kama kucha, nami moja iliniganda ikiwa imewaka, nikalazimika kutoa kichwa cha betri ili taa zizimike. Itikise sikioni: ikicheza ndani, irudishe kaunta. Wenye magari yanayokwenda maonyeshoni, kama Concours pale Ngong Racecourse, huogopa kuharibu sura ya asili. Rilei zinakaa vizuri nyuma ya betri au chini ya ukingo wa bodi, na hukukata waya hata mmoja wa kiwandani: unatengeneza plagi dume inayoingia kwenye plagi ya zamani ya taa. Siku ukitaka kurudisha asili, unachomoa.

Siku niliyomaliza, mita nyuma ya balbu ilisoma 13.5. Balbu zilikuwa zilezile za kwanza, wati 60 na 55, ambazo nilikuwa nimezitupa kwenye kopo la misumari.

Moja ni hafifu, au taa zinafanya vituko

Taa moja ikififia na nyingine iko sawa, usiende mbali. Swichi inahudumia zote mbili, kwa hiyo kosa liko kwenye kipande ambacho ni cha taa ile peke yake: plagi, waya wa mwisho, balbu, na zaidi ya yote athi.

Athi mbovu ina dalili yake, na ukiijua hutaisahau. Unawasha dimu. Taa ya upande mmoja inawaka kinjano, ukichungulia ndani unaona nyuzi zote mbili za balbu zina wekundu. Taa ya upande wa pili inawaka dimu vizuri, lakini uzi wake wa fuli nao una mwanga mdogo. Na kwenye dashibodi kile kitaa cha bluu cha fuli kinaweza kuwaka kidogo, ilhali hukuwasha fuli. Mtu akiona hivyo hudhani gari limeingiwa na pepo. Kinachotokea ni kwamba umeme umefika kwenye balbu ukakuta mlango wa kurudi umefungwa. Unatafuta njia nyingine: unapita kwenye uzi wa fuli kinyumenyume, unaingia kwenye waya wa fuli, unakwenda hadi taa ya pili, unapita kwenye uzi wake wa fuli na kurudia athi ya huko. Nyuzi tatu zinagawana chakula cha uzi mmoja. Usitoe swichi, usinunue balbu. Fungua athi ya taa ile iliyofifia.

Hakikisha kwa dakika moja: chukua kipande cha waya mzito, shikilia ncha moja kwenye mguu wa athi wa balbu na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Taa ikifumka mwanga, umemshika mwizi.

Athi ya gari langu ilikuwa skrubu yenye pete mbili za waya, imefungwa juu ya rangi, chini kidogo ya taa ya kushoto. Kwa nje ilionekana imekaza. Nilipoifungua, pete ya chini ilikuwa na unga wa kijani kama ukungu wa mkate, na tundu la bodi lilikuwa limezungukwa na kutu ya rangi ya udongo wa Kikuyu. Nilisugua hadi chuma kikang'aa upana wa shilingi kumi, nikasugua pete mpaka shaba ikawa nyekundu, nikafunga na wosha yenye meno, kisha nikapaka grisi juu. Grisi huja mwisho, juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa, kwa ajili ya kuzuia maji. Nikaongeza waya mmoja mpya kutoka hapo moja kwa moja hadi kichwa hasi cha betri. Magari yetu yamepigwa rangi upya mara mbili tatu, na kila rangi imeingia kati ya athi na bodi. Bodi si ya kuaminiwa.

Fuli inawaka, dimu haiwaki (au kinyume chake)

Mjini tunaendesha kwa dimu, kwa hiyo uzi wa dimu huchakaa kwanza. Dimu ya kushoto ikiungua, dereva wengi hawatambui. Ya kulia inafuata baada ya miezi, ndipo unasema "dimu imekufa". Toa balbu uitazame kwenye mwanga kabla ya kuanza kufungua dashibodi. Usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huunguzwa na joto la balbu na kioo hupasuka mapema. Ishike kwa kitambaa safi.

Nyuzi zikiwa nzima, mshukiwa ni swichi ya kubadilisha. Kwenye Land Rover za Series II na Beetle za zamani swichi hiyo iko sakafuni, unaikanyaga kwa mguu wa kushoto. Ni mahali pabaya kuliko pote kwa kitu cha umeme: matope ya viatu, maji ya milango inayovuja, zulia lenye unyevu. Ikanyage mara 20 taa zikiwa zimezimwa. Taa ikirudi, swichi imekuomba uitoe, uisafishe na kuipaka mafuta, au uibadilishe. Haijapona.

Kwa taa zilizofungwa, ambazo kioo, kioo cha ndani na uzi ni kitu kimoja, hakuna balbu ya kutoa. Uzi mmoja ukikatika, taa nzima inabadilishwa. Ukifika hapo, nunua nyumba ya duara ya inchi 7 inayopokea balbu ya H4 (ile yenye uzi wa dimu na wa fuli pamoja), ili mara nyingine ubadilishe balbu tu.

Hakuna taa kabisa

Honi na taa ndogo zinafanya kazi? Kama zote zimekufa, tazama vichwa vya betri na waya mkuu. Kama ni taa kubwa tu, chukua testa: klipu kwenye bodi safi, sindano kwenye fyuzi pande zote mbili, kisha swichi inapoingia, kisha inapotokea. Pale mwanga wa testa unapokoma ndipo waya ulipokatika.

Wenye Beetle na Mercedes za zamani wana fyuzi za kauri zenye ncha kama risasi: nyeupe ni ya ampia 8, nyekundu ni ya 16. Hizi huweza kuwa nzima na bado zisipitishe umeme, kwa sababu ncha zake zimeota ukungu na vile vibano vimelegea. Zizungushe kwa vidole pale pale. Taa ikiwaka unapoizungusha, badilisha fyuzi na ukaze vibano kwa koleo.

Fyuzi inakatika kila ukiweka

Mahali fulani waya uliochunika unagusa chuma. Usitie fyuzi kubwa zaidi, na tafadhali usifunge ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ikikataa kukatika, kitakachokatika ni waya, na waya wa gari huungua ukiwa umefungwa pamoja na wenzake ndani ya dashibodi.

Ufundi wa kutafuta shoti bila kumaliza pakiti ya fyuzi ni huu. Toa fyuzi, chomoa balbu zote mbili, na pale fyuzi ilipokuwa unganisha balbu nyingine ya wati 21 kama za breki. Washa swichi ya taa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Sasa tembea na waya kutoka dashibodi hadi mbele, ukitikisa kila sehemu. Balbu inapozimika au kupepesa, mkono wako uko juu ya jeraha. Tafuta kwanza pale waya unapopenya ukuta wa injini, kwa sababu mpira wa pale hukauka na kuanguka, na ukingo wa chuma huanza kukata. Kisha tazama alipopita fundi wa kengele, wa redio au wa taa za ukungu. Panya nao hupenda gari linalolala muda mrefu.

Zinazimika safarini, zikipoa zinarudi

Kitu kinapata joto hadi kinaachia. Mara nyingi ni swichi au kiungo kilicholegea ndani ya plagi yake. Likikupata barabarani, toka kabisa nje ya barabara, washa taa za hatari na uweke pembetatu mbali nyuma, na usiendelee kwa taa ndogo. Nyumbani, toa plagi ya swichi utazame plastiki: mguu uliopata joto utakuwa na duara la kahawia kuuzunguka.

Mwanga unapanda na kushuka, au balbu zinaungua kila mara

Taa zikififia kwenye foleni na kuamka unapokanyaga mafuta, tazama mkanda wa alterneta (mashine inayochaji betri) kwanza. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba: ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Magari ya daynamo (mashine ya kuchaji iliyotumika kabla ya alterneta) hufanya hivyo hata yakiwa mazima, kwa kuwa daynamo haitoi cha maana injini ikiwa chini. Foleni ya Mombasa Road jioni ya mvua, na waipa na taa zote, itaimaliza betri polepole.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Taa nyeupe kupita kawaida, balbu zikidumu wiki chache, betri ikikauka maji: pima betri injini ikiwa juu. Ukiona 15 na zaidi, regyuleta (kidhibiti cha volti za chaji) imekufa. Usiweke balbu nyingine kabla ya kuibadilisha.

Volti ni nzuri, na bado huoni

Hapo acha umeme, tazama taa yenyewe. Kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kikiwa kimepauka au kimebanduka ile fedha, hakuna balbu itakayokisaidia. Usikisugue kwa dawa ya kung'arisha chuma, ile fedha ni nyembamba sana na itatoka yote. Ukikuta maji ndani, tafuta tundu dogo la kutolea maji chini ya taa, huziba kwa vumbi.

Kuhusu balbu za LED ndani ya taa ya zamani, nimezijaribu na nikazitoa. Kioo kile kilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja kamili. Chanzo cha mwanga kikihama hata milimita mbili, mwanga hutawanyika: wewe unaona weupe karibu na boneti, na anayekuja mbele anapofuka. Balbu za wati 100 nazo huunguza plagi, kama zilivyofanya kwangu.

Na hili liwe angalizo kwa wenye Peugeot na Mercedes wanaoagiza vioo Ufaransa au Ujerumani. Mwanga wa dimu haukai sawa pande zote: upande wa ukingo wa barabara unapanda juu kidogo ili uone anayetembea. Huko wanaendesha kulia, kwa hiyo kioo chao kinapandisha mwanga kulia. Hapa Nairobi kulia ndiko anakotoka mwenzako. Agiza kioo cha nchi inayoendesha kushoto, kama Uingereza, Japani au Afrika Kusini. Kabla ya kulipa, kiulizie hilo, kwa sababu kwa macho vyote vinafanana.

Mwisho elekeza mwanga, maana ukishabadilisha chochote umeusogeza. Jaza upepo kwenye matairi, egesha mahali tambarare mita 5 kutoka ukutani, na mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, kitie alama kwa chaki ukutani, kisha chora mstari mwingine sentimita 5 chini yake. Washa dimu. Funika taa moja kwa kitambaa kinene, kwa muda mfupi tu kisishike moto, na uzungushe skrubu ya nyingine mpaka ukingo wa juu wa mwanga ulale juu ya mstari wa chini. Badilisha upande. Skrubu hizo mara nyingi zimeganda kwa kutu, kwa hiyo zipulizie mafuta usiku uliotangulia. Kishika skrubu cha plastiki kikikatika, taa itacheza kila ukipita tuta.